Kubisha Upepo: Idhini ya Mzazi na Upweke wa Mtoto Chomboni katika Riwaya Mbili za Arthur Ransome

Riwaya ya Arthur Ransome iitwayo Swallows and Amazons, iliyotolewa mwaka 1930, inaanza kwa tendo dogo ambalo ni rahisi kulipita upesi. Roger, mtoto wa miaka saba, anapanda shamba la nyasi kutoka ukingoni mwa ziwa kwenda kwa mama yake, aliyesimama langoni akiwa na ujumbe mkononi. Mtoto anautaka ujumbe huo kwa hamu kubwa, lakini hakimbii moja kwa moja. Upepo unavuma kutoka upande wa mama, naye Roger kwa wakati huo si mtoto bali ni jahazi. Kwa hiyo anakata shamba upande huu, anageuka, anakata upande wa pili, anageuka tena, hadi anafika. Mama anaujua mchezo. Anamngoja.

Lugha ya mabaharia wa pwani yetu ina neno moja kwa mwendo huo, nalo ni kubisha. Chombo cha tanga hakiwezi kuelekea kule hasa upepo unakotoka. Hufika huko kwa kubisha tu. Neno hilo hilo hutumiwa kwa mtu anayepinga kauli ya mwenzake, na hutumiwa pia kwa mgeni asimamaye mlangoni akiomba ruhusa ya kuingia. Ransome aliandika kwa Kiingereza, na hakuwa na neno moja lenye kubeba safari, ubishi na ombi la idhini kwa pamoja. Hata hivyo, maana hizo tatu ndizo zinazoijenga riwaya yake hii, na ndizo zinazoiunganisha na We Didn't Mean to Go to Sea ya mwaka 1937, ambamo watoto wale wale wanapelekwa na maji mbali na ruhusa yoyote waliyowahi kupewa. Makala hii inashikilia kwamba katika riwaya hizi mbili kutiwa moyo na mzazi si kuachiwa uhuru. Ni kukabidhiwa maneno yanayopaswa kufasiriwa mahali ambapo msemaji wake hayupo, na mtoto huanza kuwa baharia siku anapolazimika kuyabisha maneno hayo ili apate kuyatii.

Ujumbe anaoushika mama ni simu ya maandishi kutoka kwa baba, ambaye ni ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Yuko Malta, na amekwisha pewa amri ya kwenda Hong Kong. Watoto wanne, John, Susan, Titty na Roger, wameomba ruhusa ya kuchukua mashua ndogo ya tanga na kwenda kupiga kambi kisiwani, katika ziwa la kaskazini mwa Uingereza, bila ya mtu mzima. Jibu la baba ni la maneno machache mno na lina pande mbili. Mtoto asiyejua kazi ya chombo si hasara akipotea majini. Mtoto anayeijua hatapotea.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Ransome hatufikishii simu hiyo kama uamuzi uliokwisha. Anatuonyesha watoto wakiihakiki. Mmoja anatangaza mara moja kwamba maana yake ni ndiyo. Mwingine anatoa ufafanuzi wa kinaya: baba haamini kwamba yeyote kati yao atazama, na iwapo atatokea wa kuzama, basi ni nafuu kwa jamaa. Wa tatu hajali ruhusa. Kinachomsumbua ni mantiki ya sentensi, na anataka aelezwe vipi mtu awe kitu hicho na asiwe kitu hicho. Hii ni darasa la uhakiki kabla ya kuwa kikao cha watoto. Maandishi yapo, mwandishi yuko mbali kwa maelfu ya maili, na kila msomaji ana fasiri yake.

Neno ambalo simu hiyo imelizunguka ni gumu kulipatia Kiswahili. Mzembe ni mtu anayeweza lakini hajali. Bozi hana akili ya kuweza. Goigoi ni mlegevu wa mwili na wa nia. Baba anawazungumzia wote watatu kwa pamoja, yaani mtu ambaye mikono yake haifanyi kile ambacho hali inadai, iwe ni kwa kutojua au kwa kutoangalia. Hapa makala hii italitumia neno uzembe, huku ikikiri kwamba limepungua kidogo. Muhimu ni kuwa simu haisemi chochote juu ya bahari, wala upepo, wala usiku. Inasema juu ya aina ya mtu. Kila mtoto ataondoka akiwa amebeba swali moja ambalo hakuna awezaye kumjibia: je, mimi ni mmoja wao?

Msomaji aliyelelewa katika fasihi ya Kiswahili ataona tofauti mara moja. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, pia ni maneno ya mzazi anayejua kwamba hatakuwapo. Lakini mama yule, akiwa mgonjwa, anamwandalia binti yake maisha hatua kwa hatua, kuanzia dini hadi usafi wa nyumba. Wosia hujaribu kutangulia kila hali. Simu ya baba wa akina John haitangulii hali yoyote. Kama ni wosia, basi umekatwa mwili ukabaki uti wa mgongo tu. Ukavu huo ndio unaoipa riwaya nafasi ya kutendeka, kwa sababu mtoto aliyepewa maelekezo yote hana la kufasiri.

Hata hivyo itakuwa kosa kumpa baba sifa yote. Baba ametuma maneno. Mama ndiye anayeishi karibu nayo. Yeye ndiye anayeshona mahema. Yeye ndiye anayepanga maziwa yapatikane shambani kila siku, mpango ambao, kwa hakika, ni namna ya kuwaangalia watoto bila ya kuonekana. Tena yeye mwenyewe alikulia Australia na alipata kuendesha mashua za tanga akiwa msichana, kwa hiyo anajua vizuri kile anachokiruhusu. Usomaji unaomchukulia mama huyu kama mpishi wa pembeni tu katika hadithi ya baba na mwanawe haujazitazama kurasa zilizo bora zaidi katika kitabu.

Kurasa hizo zinamhusu Titty. John, Susan na Roger wameondoka jioni kwenda kuiteka mashua ya wapinzani wao, Nancy na Peggy Blackett. Titty ameachwa kisiwani peke yake ili awashe taa ya kuwaongoza watakaporudi. Anafurahi kuwa Robinson Crusoe. Mama anakuja kwa makasia kuwatembelea, anamkuta mtoto peke yake, na badala ya kushtuka au kuwakemea wasiokuwepo, anakubali kuwa Friday. Wanakula, wanazungumza. Kisha mama anauliza swali moja la kawaida, kama Titty hataki kurudi naye nyumbani. Titty anakataa. Mama anaingia katika mashua yake na kuondoka.

Mwandishi dhaifu angetupa hapa hotuba ya kumtia mtoto moyo. Ransome hatupi hata nusu ya hotuba. Kitia-moyo chote kimo katika swali lililoulizwa mara moja tu, na katika mgongo wa mama anayepiga makasia. Titty anamfuata kwa darubini hadi kioo kinapata ukungu. Anajikaripia, na neno analojiitia ni lile lile la simu ya baba. Anajiambia kwamba jicho limechoka kwa kutazama sana, na anajaribu la pili. Hivyo neno la Malta limefika kisiwani na limebadilika kazi. Lilikuwa kipimo cha baba juu ya watoto. Sasa ni fimbo ndogo ambayo mtoto anaishika mwenyewe. Usiku huo huo Titty anaiteka mashua ya akina Nancy bila msaada wa mtu, anatia nanga nje ya kisiwa, na kulala humo peke yake. Yeye ndiye anayesikia wezi wakificha sanduku gizani. Watu hawamwamini upesi. Lakini aliyekaa peke yake majini usiku ana ushahidi ambao wengine hawana, na riwaya inamthibitisha.

Kuhusu John mambo si mepesi hivyo. Usiku ule yeye, akiwa nahodha, alisafiri gizani katika ziwa lenye miamba, na ni bahati kama ujuzi iliyowafikisha salama. Mama anaporudi John hangoji aulizwe, anakiri. Mama anapima jambo hilo kwa mizani ya simu na kuona kwamba walifika karibu sana na uzembe, kisha anataka ahadi kwamba hawatasafiri tena usiku. Hapo ndipo ufafanuzi unapokamilika: simu ya baba ilikuwa na mlango wazi, na mama, kwa idhini ya nahodha mwenyewe, anaufunga nusu.

Mhakiki wa Afrika Mashariki hawezi kuendelea bila kusema jambo lililo dhahiri. Watoto hawa wanawaita watu wazima wa ziwani wenyeji, kwa maana ile ile iliyokuwa katika vinywa vya wapelelezi na maofisa wa dola. Wanachora ramani na kuyapa majina mapya maeneo ambayo yana majina na yana watu. Mji wa jirani unaitwa Rio, rasi inaitwa Darien. Baba yao anakwenda Hong Kong kuilinda dola hiyo. Wakati riwaya inatolewa, Kenya ilikuwa koloni, na ziwa kubwa la mashariki mwa Afrika lilikwisha kubebeshwa jina la malkia na mtu aliyelifika mwaka 1858 akiwakuta wavuvi wake. Ujasiri wa mtoto wa Kiingereza katika mashua haukuota hewani. Ulikuwa na jeshi la majini nyuma yake, na shamba la kuleta maziwa mbele yake. Kuiita simu ya baba falsafa ya malezi kwa wote, bila ya kuuliza ni mtoto wa nani awezaye kuambiwa maneno hayo na bado apelekewe maziwa, ni kusoma nusu ya ukurasa.

Lakini nusu ya pili nayo ipo. Mchezo wa ukoloni katika riwaya hii unavuja. Mwenyeji mkuu ni mama mwenyewe. Wachoma makaa ya msituni, ambao kwa kanuni za mchezo wangekuwa washenzi, ndio wenye habari ya hatari inayomkabili mtu wa nyumba ya mashua, na ndio wanaowatuma watoto wampe tahadhari. Hakuna haja ya kumgeuza Ransome kuwa mpinga-ubeberu. Yatosha kuona kwamba masimulizi yake yana macho mapana kuliko wahusika wake.

Doa la jinsia halisafishiki kwa urahisi huo. Inajulikana kwamba riwaya ilizaliwa na watoto halisi, wa jamaa ya Altounyan kutoka Aleppo nchini Syria, ambao mwaka 1928 walikuwa wakijifunza kuendesha tanga katika ziwa la Coniston kwa mashua zilizonunuliwa na baba yao, huku Ransome akiwasaidia. Majina ya Susan, Titty na Roger yanatokana nao. Lakini mtoto mkubwa katika jamaa hiyo alikuwa msichana, Taqui. Katika riwaya mkubwa ni John, na Susan amepewa birika na sufuria. Nancy Blackett ni fidia, tena fidia nzuri, lakini unahodha ulikwisha hamishwa kutoka kwa msichana kwenda kwa mvulana kabla ya sura ya kwanza kuandikwa.

Katika We Didn't Mean to Go to Sea ruhusa inachukua sura nyingine kabisa. Hakuna simu ya baba. Yuko njiani kurudi kutoka Hong Kong. Kuna ahadi kwa mama. Watoto wameruhusiwa kukaa siku chache katika jahazi dogo liitwalo Goblin, chini ya kijana Jim Brading, katika mito ya Suffolk na Essex, kwa sharti kwamba wasivuke boya la mwisho la bandari ya Harwich na kwamba warudi kwa wakati. Jim anakwenda pwani kutafuta petroli na harudi, kwa kuwa amegongwa na basi. Ukungu unatanda. Maji yanajaa, mnyororo uliotosha maji yalipokuwa machache hautoshi tena, nanga inaburura. John anajaribu kuongeza mnyororo. Unamtoroka na kuzama wote pamoja na nanga. Boya la mwisho linawapita katika ukungu.

Ransome anaijenga hali hii kwa ufundi wa fundi saa. Hakuna uasi hata mmoja. Kila hatua ni ya mtoto mwema anayefanya jambo la busara, na jumla ya hatua hizo ni ahadi iliyovunjika. Kisha linakuja swali lililo kiini cha riwaya. Susan, anayetapika na kulia, anasimama upande wa ahadi: waligeuze jahazi, warudi. John anasimama upande wa chombo: nyuma yao kuna mafungu ya mchanga yasiyoonekana, na usalama uko bahari kuu. Wanajaribu kugeuza na mawimbi yanawafundisha. Andiko la mama, likisomwa neno kwa neno, litawaua. Nia ya mama, ambayo ni kwamba wawe hai, inawataka wavuke boya na kuendelea. John anabisha kauli ili afike kwenye maana, kama vile Roger alivyokata shamba upande na upande ili amfikie mama aliyekuwa mbele yake muda wote.

Ni jambo la kumheshimu Ransome kwamba hampuuzi Susan. Machozi yake si udhaifu wa msichana bali ni gharama ambayo John hana nafasi ya kuilipa. Mtu lazima aikumbuke ahadi ili kuivunja kwake kuwe na uzito.

Usiku upepo unazidi na John lazima apunguze tanga. Anatambaa hadi mbele ya mlingoti, karibu atupwe baharini, anaifanya kazi na kurudi. Baadaye wengine wamelala, naye ameshika usukani peke yake gizani. Hapo, katikati ya Bahari ya Kaskazini, akiwa ndani ya kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, John anagundua kwamba ana furaha. Ransome hamfanyi aione aibu furaha hiyo, wala hampi sababu yake. Pengine ni sehemu hii tu katika riwaya hizi mbili ambapo hakuna neno la mzazi linalosikika, si la simu wala la ahadi. Upweke wa chomboni umekuwa kamili.

Katika maisha halisi kazi ya mzazi huwa na kingo kali zaidi. Tania Aebi, katika Maiden Voyage ya mwaka 1989, anasimulia jinsi baba yake, msanii Mswisi mkazi wa New York, alivyompa uchaguzi: badala ya kulipiwa chuo, apewe jahazi dogo na aizunguke dunia peke yake. Aling'oa nanga mwaka 1985 akiwa na miaka 18, bila ya kuwa amewahi kusafiri peke yake, na alirudi mwaka 1987. Mama yake alifariki dunia kabla safari haijakwisha. Katika kitabu hicho mstari kati ya kumtia mtoto moyo na kumsukuma ni mwembamba, na uzuri wake ni kwamba binti mwenyewe hana hakika ulipita wapi. Ransome anakwepa wasiwasi huo kwa kuwapa watoto wake wazazi wasiokosea kipimo.

Huenda alikuwa na sababu. Katika tawasifu yake anasimulia kwamba baba yake, profesa wa historia mjini Leeds, alimtupa ziwani akiwa mdogo kuona kama binadamu huogelea kwa maumbile. Alizama. Kuogelea alijifunza baadaye kwenye bwawa la mjini, na alipotangaza habari hiyo baba hakumwamini mpaka alipoona. Baba huyo alifariki mwaka 1897, Ransome akiwa na miaka 13. Naye Ransome alipokuwa baba, aliishi mbali na binti yake wa pekee kwa miaka mingi. Si busara kuisoma riwaya kama cheti cha hospitali cha mwandishi wake, lakini mtu akizijua habari hizi ile simu ya Malta haisomeki tena kama mzaha mtupu.

Zinaeleza pia, bila ya kulisamehe, kosa kubwa la ploti katika riwaya ya pili. Goblin inapoingia Vlissingen, Uholanzi, ikiongozwa na rubani anayedhani nahodha yumo ndani amelala, meli ya abiria inaondoka gatini, na ndani yake yumo baba. Anawaona, anaruka kutoka katika meli. Sadfa hiyo haivumiliki kwa kipimo chochote cha uhalisia, na inakuja katika kitabu ambacho kwa kurasa mia kadhaa kimehesabu kila pingili ya mnyororo. Riwaya ingekuwa ngumu zaidi, na pengine bora zaidi, kama watoto wangefika bandari ya ugenini wasimkute mtu. Ransome hakuweza. Alitaka John awe na shahidi.

Na shahidi, akishafika, hasemi mengi. Anasikiliza kisa chote, haulizi kuhusu boya, hasifu. Anaweka mkono begani mwa mwanawe na kumwambia kwamba iko siku atakuwa baharia. Njeo inayotumika ni ya wakati ujao: baada ya usiku ule wote, bado. John anajiuma mdomo, na macho yake yanaingia maji moto, ambayo Ransome anayaeleza kuwa kwa sehemu ni chumvi ya bahari. Titty, miaka saba ya uchapishaji kabla yake, alisingizia kutazama sana.